Mtu Aliyehesabu Kilometa za Wakubwa

Jumatatu iliyopita mtu wa Kasungami, kule nje ya mji, alibisha mlango wangu hapa Hewa Bora, Lubumbashi, akakataa kiti, akakataa na maji. Kwetu mgeni akikataa vyote viwili unajua habari kabla hajafungua mdomo. Alikuja kuniambia kwamba yule karani wetu wa zamani, aliyekuwa akihesabu kilometa za motokari za kampuni ya shaba ya serikali, ametutoka. Uzee tu, alisema, hakusumbua mtu. Nimeumia, tena sana. Jina lake siliandiki. Mwenyewe hakupenda kuandikwa, na mara moja tu nilipomwandika nilimponza, kama nitakavyoungama hapa chini, maana nimechelewa kuungama kiasi cha kutosha.

Wasomaji wangu walio vijana wanisamehe, itabidi niwarudishe nyuma kidogo. Nasema miaka ya Zaire, ya chama kimoja, wakati neno "monsieur" lilikuwa likimtia mtu mashakani na sote tulikuwa "citoyen", yaani mwananchi, kuanzia mkurugenzi hadi mfagiaji, isipokuwa mkurugenzi alikuwa citoyen mwenye motokari na dereva. Marehemu alikuwa na chumba kidogo nyuma ya garaji. Kila jioni madereva walimletea daftari la gari, naye akaandika: limetoka wapi, limekwenda wapi, kilometa ngapi. Siku moja ikashuka amri kutoka juu. Ili kupunguza ufujaji, ilisema amri, motokari itakayotembea chini ya kiwango fulani kwa mwaka ichukuliwe, na mkubwa wake apande basi la wafanyakazi pamoja na wananchi wenzake. Aliyeitunga lazima alikuwa msomi. Kupunguza ufujaji wa mafuta kwa kumwadhibu anayetembea kidogo, hilo halikumjia fundi wala mkulima; lilihitaji diploma.

Basi, kila Desemba mji wetu ukawa na shughuli ambayo mgeni asingeielewa. Motokari nyeusi zinakwenda Likasi asubuhi na kurudi mchana, nyuma hakuna mtu, limetundikwa koti la mkubwa peke yake, la abacost, ile suti rasmi ya chama, linasafiri kikazi. Nyingine zinazunguka mzunguko wa posta mpaka askari wa barabarani anaumwa kichwa. Marehemu alinisimulia kwamba alikwenda mtaa wa Bel-Air kwa mkubwa mmoja kuchukua daftari, akakuta gari limeinuliwa uani juu ya magogo, injini inanguruma, magurudumu ya nyuma yanazunguka hewani, kuku wanachokoachokoa chini yake bila hofu, na dereva ameketi kwenye usukani na sahani yake ya bukari, ugali wetu. Akamwuliza anafanya nini. Dereva akamjibu kwa adabu zote: "Ngoja kidogo, citoyen. Tuko mu njia ya Kolwezi, tunafika saa kumi." Marehemu hakucheka. Aliandika: Lubumbashi hadi Kolwezi, safari ya kazi. Nilipomwuliza kwa nini aliandika uongo, alinikasirikia. Alisema kazi yake ni kuandika kilometa, na kilometa zilikuwepo.

Lakini mtu hawezi kuandika upuuzi mwaka baada ya mwaka bila kitu kumchoma ndani. Yeye alichomwa na dada yake. Yaya wake, kama tunavyomwita dada mkubwa, aliishi Kasungami, alilima lengalenga, mboga yetu ya mchicha, na kuileta sokoni mjini kichwani, kwa miguu, na mguu wake mmoja ulikuwa umeanza kuvimba. Basi la wafanyakazi lilikuwa likiishia kwenye kambi za kampuni. Kasungami halikufika, ingawa vibarua wengi wa kampuni waliishi huko na walikuja kazini vumbi mpaka kwenye nyusi. Ndipo marehemu akafunga mlango, akatoa madaftari yote ya mwaka, akajumlisha. Akatoa safari za koti, akatoa safari za magogoni, akabakiza safari za kweli: nyumbani, ofisini, nyumbani, bar, nyumbani. Akagundua kwamba wakubwa wanaokaa mtaa mmoja na kufanya kazi jengo moja wangeweza kuchukuliwa na basi moja dogo, wakafika saa ileile, na mafuta yanayobaki yangetosha kuendesha basi la Kasungami asubuhi na jioni mwaka mzima. Akaandika ripoti safi, akaipeleka. Aliamini kabisa kwamba hesabu ikishakuwa sawa, hakuna anayeweza kubishana nayo. Masikini, alikuwa mtu mwema.

Wakubwa waliipenda ripoti ile. Mmoja alijitolea hata kupanda basi la wafanyakazi kwa siku moja awe mfano, na kweli alipanda, tukampigia makofi. Motokari yake ilimfuata nyuma tupu kituo kwa kituo, isije ikatokea dharura. Kisha ikaundwa kamati ya kuchunguza kama Kasungami inahitaji basi. Kamati haiwezi kwenda kwa miguu, hilo kila mtu anaelewa, kwa hiyo wajumbe wakapewa magari. Magari manane yalikwenda Kasungami yakitimua vumbi, yakafika saa nne asubuhi. Wajumbe wakasimama njia panda na kalamu zao, wakangoja abiria. Hakuja mtu. Kibarua gani yuko nyumbani saa nne? Watu wote walikuwa wameondoka kabla ya jua, na miguu yao. Kamati ikaandika kwamba abiria hawakuonekana, ikapendekeza uchunguzi uendelee. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, tunasema. Na aliyeketi ndani ya motokari, mimi naongeza, hata saa ya watu kuamka haijui.

Na kwa kuwa uchunguzi uliendelea, katibu wa kamati alihitaji gari. Katibu mwenyewe alikuwa karani wetu, maana ripoti ilikuwa yake. Nakumbuka siku alipokabidhiwa ufunguo, alikuja kwangu amechanganyikiwa, anacheka na huku ameudhika. Aliomba basi, amepewa motokari. Nikamwambia apokee, wajinga ndio wanaokataa. Akapokea. Kila alfajiri akawa anakwenda Kasungami kumchukua yaya wake na lengalenga yake, na kwa kuwa viti ni vingi, akamchukua na jirani, na mama mmoja mjamzito, na vibarua wawili. Akawashusha, akarudi kuchukua wengine. Jioni hivyo hivyo. Aliandika yote kwenye daftari lake bila kuficha: Kasungami, Kasungami, Kasungami. Mguu wa yaya ukapoa. Nilimwona sokoni mwaka ule, amenenepa kidogo, ananitania kwamba sasa yeye ni mama wa motokari na nisimsalimie hivi hivi.

Mwisho wa mwaka kilometa zikahesabiwa, na motokari iliyowapita wote, hata zile za magogoni, ikawa ya karani. Wakubwa hawakuuliza alikwenda wapi. Waliona tu namba kubwa, na namba kubwa wakati ule ilikuwa ni uzalendo. Tukaitwa ukumbini. Watu walicheza animation, zile ngoma za chama, wakaimba sifa zinazopasa kuimbwa, kisha mkurugenzi akamsimamisha marehemu mbele ya umati na kumwomba aeleze siri ya bidii yake. Nilikuwa mstari wa mbele na daftari langu, maana nilikuwa kijana wa gazeti la kampuni. Nilijua anachofikiria. Akinyamaza, yaya anaendelea kupanda gari, lakini basi halitakuja kamwe. Akisema, huenda gari likaondoka, ila mbele ya watu wote wale nani angekataa basi? Akachagua basi. Akasema: "Citoyen Directeur, hizi kilometre haziko zangu. Ni za bantu ba Kasungami. Mi nababeba kila siku, juu bisi hakuna."

Nakiri kwamba nilifurahi, nilidhani ameshinda. Mkurugenzi akamtazama, akatabasamu, akamwekea mkono begani na kutugeukia sisi: "Munaona? Kasungami iko na transport." Makofi yakapasua paa. Nikapiga makofi mimi pia. Halafu nikaenda nikaandika, kwa mkono wangu huu, makala ya kumsifu mzalendo mmoja aliyeondoa tatizo la usafiri Kasungami. Mhariri aliiweka ukurasa wa kwanza.

Baada ya wiki chache zikaja barua mbili. Ya kwanza iliivunja kamati: kwa kuwa Kasungami imekwisha kupata usafiri, kama gazeti la kampuni lilivyothibitisha, basi halihitajiki tena. Ya pili ilimtaka karani arudishe ufunguo, kwa kuwa ni marufuku gari la kampuni kubeba watu wasio wa kikazi. Barua mbili, siku moja, sahihi moja. Marehemu alinijia na barua zote mbili mkononi, akaniomba jambo moja tu, niandike kwamba Kasungami hakuna usafiri. Mistari miwili, alisema, hata chini kabisa pembeni. Nilimwambia nitaongea na mhariri. Niliongea naye mara moja, akasema nafasi imejaa, nami sikusema neno la pili. Nilikuwa nimeoa juzijuzi na kazi niliitaka. Yaya alirudi kutembea kwa miguu msimu mmoja wa mvua, kisha mguu ukakataa kabisa. Akawa anauza lengalenga mlangoni kwake, Kasungami, mahali ambapo kila nyumba ina lengalenga yake uani. Ndugu yake aliendelea kuandika kilometa za wakubwa mpaka siku ya kustaafu, na mimi hakuninyima salamu hata siku moja. Ingekuwa afadhali angeninyima.

Jumatano nilikwenda kwenye kilio. Yaya bado yuko hai, ameketi kwenye mkeka na mguu ule ameunyoosha mbele, na vijukuu wamemzunguka. Nilipiga magoti kumpa pole, nikaanza kumwambia jinsi ndugu yake alivyokuwa mtu mwema, na kwamba wema hauozi. Alinishika mkono ninyamaze. "Alitubebaka muzuri, baba," akasema. "Ni ile njo iliharibu." Yaani kule kubebwa vizuri ndiko kulikoharibu. Hakusema kwa uchungu, alisema tu kama mtu anayetaja jambo lililokwisha kujulikana. Nikabaki pale nimepiga magoti mpaka watu wengine walipotaka nafasi.

Marehemu hakukosea hesabu hata moja. Basi lingetosha, lingewabeba wakubwa, lingewabeba na wadogo, na shaba ingechimbwa vilevile. Kosa lilikuwa letu tuliompigia makofi. Huruma ya mtu mmoja tuliiweka mahali pa kazi ya serikali nzima, tukalala usingizi. Siku hizi nikisikia redioni mkubwa anamsifu raia mmoja kwa kuwabeba wenzake, au kuwatibu, au kuwafundisha chini ya paa lake mwenyewe, mikono yangu siinui. Nauliza kwanza swali ambalo nililipwa mshahara nisiliulize: na basi liko wapi?