Joho la Aliyetajwa Sana

Kaka yake alikuwa fundi cherehani, na hakutaka hata kusikia kwamba joho la uprofesa la mdogo wake lishonwe na mtu mwingine. Alimsimamisha juu ya stuli katikati ya duka, akamzungushia kitambaa cheusi na kuanza kukibana kwa pini. Nyingine alizishika kwa meno, lakini hazikumzuia kusema.

"Mnamwona huyu?" aliwaambia wateja wawili waliokuwa wakisubiri suruali zao. "Dunia nzima inamtaja. Aliandika jambo kuhusu ubongo, wasomi wa ng'ambo wakalishika. Zaidi ya mara mia nne wameandika jina lake!"

"Mimi ananitaja mke wangu tu," alijibu mteja mmoja, "tena akikasirika."

Wakacheka. Aliyekuwa juu ya stuli hakucheka.

Utafiti wenyewe ulikuwa mmoja, wa zamani, kuhusu dawa ya kutuliza ubongo. Dawa hiyo haikuyeyuka katika maji, kwa hiyo aliiyeyusha kwenye spiriti, akawadunga panya. Panya wakalala fofofo. Wale wa kulinganishia aliwadunga maji ya chumvi matupu, wakaendelea kukimbizana. Akaandika kwamba dawa inatuliza, jarida likachapisha, akapongezwa. Baadaye watu wa maabara nyingine walirudia jaribio, safari hii makundi yote mawili yakipata spiriti. Yote mawili yalilala. Tangu hapo, kila anayefundisha namna ya kupanga majaribio humtaja yeye: msifanye kama huyu.

Alijiambia kwamba hakuficha kitu, anasubiri tu aulizwe. Hakuna aliyeuliza. Kamati ya kupandisha vyeo ilihesabu mara alizotajwa, haikusoma alitajwa kwa lipi. Akavikwa kilemba cha ukoka, naye akakaza shingo kisidondoke.

Mlango ukafunguka, akaingia mwanafunzi wake wa uzamivu, binti wa haraka haraka, mkoba kifuani.

"Samahani, Mwalimu, nimeelekezwa huku. Hongera sana! Halafu nina habari: panya wangu wamelala!"

"Panya gani tena? Wewe si unapima kumbukumbu?"

"Nilibadilisha. Nilitaka kukushtukiza. Nimeanzia pale ulipoishia. Dawa yako, dozi yako, kila kitu kama ulivyoandika."

"Kila kitu?"

"Hadi spiriti!"

"Umeona mambo hayo?" kaka alisema kwa furaha. "Mbegu imeota."

Angeweza kusema watazungumza ofisini. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, matamu na mepesi. Lakini binti alikuwa akimtazama kama mtu anayengoja zawadi.

"Ulisoma walioandika baada yangu?"

"Hapana, Mwalimu. Niliona umetajwa mara nyingi vile, nikajua hapa pako salama."

"Wale panya wangu walikuwa wamelewa."

Kaka akaangua kicheko, pini zikamtoka mdomoni. Alipoinua macho na kuuona uso wa mdogo wake, kicheko kikamkauka.

"Wamelewa vipi?" binti aliuliza.

"Spiriti. Dawa haikufanya chochote. Na wako wamelewa vilevile. Hao wote wanaonitaja, wengi wananitaja kwa kosa hilo."

Wateja wakaanza kukagua vitambaa ambavyo hawakuwa na haja navyo.

"Miezi minne, Mwalimu," binti alisema. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Kila nilipogonga mlango wako uliniambia nisubiri, mambo ya kamati yaishe kwanza."

"Ndiyo. Nilisema hivyo."

Binti akageuka, akatoka. Mlango hakuubamiza.

Kaka alikuwa amepiga magoti, akiokota pini sakafuni, na aliziokota polepole kuliko ilivyohitajika. Akauliza kutoka kulekule chini, "Hao wa kamati wanajua?"

"Bado."

"Utawaambia?"

"Nikitoka kwa yule binti." Alijiona kwenye kioo kirefu cha duka: kitambaa cheusi, mkono mmoja umeshikizwa, mwingine unaning'inia. "Kaka, nifungue. Nataka nimuwahi."

"Joho nishone au niache?"

"Nifungue kwanza."

Kaka akasimama, akaanza kuzichomoa pini, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu zisimchome. Wateja hakuwaambia neno.