Fundo Jekundu la Baba

Baba alikuwa fundi wa kujalidi vitabu vya maktaba ya wilaya. Kila kitabu alikishona kwa uzi mweupe, akamalizia kwa fundo dogo jekundu katikati ya kurasa. Kaka yangu, mkutubi wa hapo, alipotangaza kwamba mchwa wamekula vitabu vyote vya zamani, Baba alisema gundi yake ya unga ndiyo iliyowaita. Alikufa akiomba radhi.

Mwaka huu nilimtembelea kaka ughaibuni anakoishi siku hizi. Nilimwomba anipeleke kwenye lile duka kongwe la vitabu linalosifiwa kila mahali. Alinipiga chenga siku tatu, kisha akakubali shingo upande.

Kwenye rafu ya vitabu adimu nilichukua kimoja, nikakifungua katikati, maana mtoto wa fundi haanzii jalada. Fundo jekundu hilo hapo. Nikafungua cha pili, nacho vilevile.

“Twende zetu, mdogo wangu,” kaka alisema kutoka mlangoni, bila kuuliza nimeona nini.

“Gundi ya Baba bado imeshika, kaka,” nikamwambia. “Mchwa hawakuigusa.”