Mifupa Iliyomponza Mbuthia

Saa tatu asubuhi, soko la mtaa wa Jericho limeshachangamka. Ndani ya kibanda chake, Teresiah Warigia anasukuma kigari cha mashine ya kufuma kwa mkono wa kushoto, kinakwenda na kurudi, na sweta ya kijani ya mtoto wa shule inashuka polepole kuelekea magotini mwake. Mkono wa kulia, uliopinda kidogo kwenye kifundo, unaongoza uzi tu.

"Mama Lydiah, huo mkono ulipona?" anauliza mteja.

"Mkono ulipona. Kichwa ndicho bado," anajibu. "Mambo yenyewe sijayaelewa."

Warigia ana miaka hamsini na miwili. Ameishi Jericho tangu alipoolewa na Mbuthia, fundi bomba, mtu mpole asiye na maneno mengi. Mwaka juzi, 1985, aliteleza kwenye sakafu yenye maji, akatanguliza mkono, ukavunjika.

"Nilianguka kama mtoto anavyoanguka," anasema. "Mtoto angeinuka akakimbia. Mimi nilitoka hospitali na plasta."

Hilo watu walilikubali. Lakini miezi michache baadaye aliegemea kizingiti cha dirisha ili amwite jirani, akasikia mlio ubavuni. Ubavu ulikuwa umevunjika. Hapo ndipo minong'ono ilipoanza.

"Dirisha halivunji mtu mbavu," anasema Lydiah, binti yake wa pekee, ambaye ni karani wa duka mjini. "Nilimsihi mama aniambie ukweli. Akasema ukweli ndio huo. Nikamwangalia baba nikashindwa hata kumsalimia."

Wazee wa kanisa walimwita Mbuthia. Walimhoji mchana kutwa.

"Waliniuliza kwa nini nampiga," anakumbuka, akitazama viatu vyake. "Hawakuuliza kama nampiga. Ningejibu nini? Swali lenyewe halikuwa na mlango."

Kazini wenzake walianza kumwita Bondia. Aliacha kwenda kanisani.

Warigia mwenyewe naye akachanganyikiwa. "Watu wote wakikuambia umepigwa, unaanza kutafuta ngumi kwenye kumbukumbu zako. Nilijiuliza, labda nimesahau? Labda nimelogwa? Nilimwogopa mume wangu, na hajawahi kuninyooshea mkono."

Kaka yake mkubwa, Njogu, alikuja kumchukua akakae naye mtaa wa Donholm. Mlangoni alimwambia Mbuthia, "Shemeji, huyu tulikupa akiwa mzima." Mbuthia alibeba mfuko wa mkewe mpaka kwenye gari, akarudi ndani, akafunga mlango.

Donholm, Warigia alikatazwa kazi zote. Alikaa ndani kama mgeni, akatazama ukuta. Mgongo ulimuuma, na gauni lililokuwa likimfika kwenye vifundo vya miguu likaanza kuburuta chini. Alidhani kitambaa kimelegea.

Asubuhi moja, Njogu akiwa mezani anakunywa chai, Warigia aliinuka akaipua sufuria ya uji. Mgongo ukalia, ka! Akaanguka kwa magoti, uji ukamwagika.

"Nilikuwa namtazama," anasema Njogu. "Hakuna aliyemgusa. Nilibaki na kikombe mkononi, sijui nimkasirikie nani."

Hospitalini, daktari aliinua picha ya eksirei mbele ya mwanga. Mifupa ilionekana hafifu, na pingili kadhaa za uti wa mgongo zilikuwa zimebonyea, zikampunguza kimo. Kisha akauliza swali lililomfanya Njogu atoke nje kwa aibu: damu ya mwezi ilikoma lini?

Ilikoma Warigia akiwa na miaka thelathini na minne, baada ya upasuaji uliomtoa vifuko vyote viwili vya mayai. Hakuna aliyemwambia kwamba jambo hilo lilihusiana na mifupa.

Daktari alimweleza kwamba mfupa si jiwe. Kila siku mwili huubomoa kidogo na kuujenga tena, na mwanamke akikosa mapema nguvu itokayo kwenye vifuko hivyo vya mayai, ubomoaji huushinda ujenzi. Mfupa hubaki na vishimo ndani, huku nje unaonekana mzima.

"Basi ipimwe tujue imebaki kiasi gani," Warigia akasema. "Inapimwaje? Kwenye mizani, kama nyama?"

Daktari alisema ng'ambo kuna mashine za kazi hiyo, lakini yeye hana. Ana picha tu, nayo huonyesha hasara ikiwa imeshakuwa kubwa.

Ushauri nao ulimchanganya. Anywe maziwa, ale dagaa wa omena na mboga za majani, apate jua, ameze vidonge vya kalsiamu, chokaa ya mifupa. Asibebe mizigo. Lakini pia asikae tu, maana mfupa usiotumika hudhoofika zaidi.

"Nikamwambia, daktari, nisibebe, nisikae, sasa niruke? Akacheka. Akasema, tembea."

Njogu alikwenda Jericho siku hiyo hiyo. Alimkuta Mbuthia mlangoni akitengeneza bomba.

"Shemeji, nimekukosea," alisema.

Mbuthia hakuweka spana chini. Aliuliza tu, "Amekula?"

Warigia alirudi nyumbani. Sasa kila jioni mume na mke hutembea pamoja hadi mwisho wa mtaa, Mbuthia akiwa upande wa mtaro. Lydiah hunywa maziwa aliyokuwa akiyakataa tangu utotoni. Ila sokoni wapo ambao bado hunyamaza Mbuthia akipita, na mzee mmoja tu wa kanisa ndiye aliyekuja kuomba radhi.

Warigia ameomba nafasi ya kuzungumza na akina mama wa kanisa, na daktari amekubali kufuatana naye. Kinachomtatiza ni jambo moja.

"Kanisani humo wapo wanaopigwa wakasema wameanguka. Mimi nilianguka, wakasema nimepigwa. Watatutofautishaje? Nikisema sana kuhusu mifupa, si nitampa mwanamume mwingine mahali pa kujificha?"

Anachotaka ni kila mwanamke atakayevunjika apelekwe kwanza kwa daktari, na aulizwe akiwa peke yake, kabla ya wazee kuitwa.

Na anataka Mbuthia awepo. Kwa wiki kadhaa amekuwa akikataa. Tulipokuwa tukiagana nao nyumbani kwao baada ya mahojiano, Warigia alimuuliza tena mbele yetu.

"Nitakuja," Mbuthia akasema. "Lakini nitakaa mbele, wanione."