Kata ya Kwanza

Sogea karibu, msikilizaji wangu, nikueleze kwa nini ndizi zilizoiva sana haziingii nyumbani kwangu. Hapa Nzuguni muuza ndizi hupita kila asubuhi na baiskeli yake, na jua likishapanda, harufu inamtangulia. Wenzangu hutoka na vikapu. Mimi hufunga dirisha. Jirani yangu huwa ananicheka: "Mama Neema, kwani ndizi nayo inauma?" Namjibu, "Iliwahi."

Nilikuwa na miaka tisa, na nyumbani kwetu kulikuwa upande wa Haneti, kando ya korongo la mchanga. Mgeni akiliona korongo lile wakati wa kiangazi angedhani ni barabara pana. Lakini maji yalikuwamo, chini. Mvua ilipopita mchanga uliyanywa na kuyatunza kama mtungi uliofunikwa, nasi tulichimba shimo, tukasubiri yajikusanye, tukayateka kwa kata ya kibuyu.

Mama alikuwa na sheria moja pale shimoni. Kata ya kwanza si yetu, alisema. Aliimimina kwenye kigae kikubwa cha mtungi uliovunjika, kilichowekwa hatua kumi kutoka shimoni, ndani yake kukiwa na vijiti. Nyuki walitua kwenye vijiti, wakanywa, wakaondoka. Walikuwa na pao, nasi tulikuwa na petu. Akina mama wote wa korongo lile walifanya hivyo, na mtoto aliyesahau alikumbushwa kwa kofi jepesi la kisogoni.

Nyuki wenyewe tuliwafahamu, maana baba aliwafuga. Mizinga yake ya magogo ilining'inia kwenye miti ya kilima kilichokuwa juu ya korongo. Kisha ikaja miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Madukani sabuni ikajaa, mitumba ikafika hadi gulioni kwetu, na malori kutoka mjini yakaanza kutafuta mkaa. Asali huvunwa kwa msimu, mkaa hununuliwa kila wiki. Baba alianza na mti mmoja uliokuwa umekwisha kukauka. Kila mtu alianza na mti uliokauka.

Ndani ya miaka michache kilima kilibaki visiki. Mvua nazo zilichelewa, na zilipokuja zilipiga kwa hasira siku mbili tatu, zikapotea. Udongo wa kilima, usio na mizizi wala majani ya kuushika, uliteremka korongoni na kuziba mchanga. Mchanga uliozibwa na tope hautunzi maji. Shimo letu, ambalo zamani lilinifika magotini, sasa lilimmeza dada yangu Yuditha mzima mzima, naye alikuwa na miaka kumi na minne na mrefu kama mlingoti wa bendera ya shule.

Siku ninayoikumbuka, mama alikuwa amekwenda Buigiri kumuuguza ndugu yake. Yuditha alishuka shimoni, mimi nikabaki juu kupokea kata. Maji yalikuja kidogo kidogo, yenye rangi ya chai ya maziwa. Kata ya kwanza iliponifikia, niliitazama. Nikaitazama ndoo tupu. Nikatazama nyuki waliokwisha kujipanga kwenye ukingo wa kigae kikavu, wakingoja. Nikakipindua kigae kwa mguu, nikamimina maji ndooni.

"We Dina, umewapa wenyewe?" Yuditha aliuliza kutoka chini.

"Nimewapa."

"Mbona umewahi hivyo?"

"Teka bwana, unaongea kama redio!"

Akacheka. Ndicho kicheko cha mwisho nilichosikia siku ile.

Ndoo ilipojaa nikaifunika, na nyuki walikuwa wengi hata kichwa changu kikajaa mvumo. Hawakunigusa. Walinipita na kushuka shimoni, mmoja mmoja, kisha kama uzi, kisha kama kamba. "Dina, wamefuata nini huku?" Nilijua wamefuata nini. Halafu nikasikia kofi, Yuditha akimpiga mmoja aliyemdunga shingoni, na harufu ya ndizi mbivu ikapanda kutoka shimoni. Utanicheka, lakini niligeuka kutazama nani kaleta ndizi.

Nyuki akibinywa hutoa harufu ile, na kwa wenzake harufu ile ni yowe. Mvumo ukabadilika. Yuditha akapiga kelele, akaparamia ukuta wa mchanga, mchanga ukamporomokea, akaanguka. Nilimwona kichwani amevaa kofia nyeusi inayotambaa. Nililia tu, "Baba! Baba!"

Tanuri lake la mkaa halikuwa mbali. Alikuja mbio na gunia linalofuka moshi, akalala kifudifudi ukingoni, akaliteremsha.

"Yuditha! Usipunge mikono! Funika uso, inama!" Kisha, bila kunitazama: "Dina, maji kwenye kigae! Yote! Usikimbie."

Nilibeba ile ndoo, kazi ya asubuhi nzima, nikijua kigae kimelala kifudifudi. Nilikipindua, nikarudisha vijiti, nikamwaga maji. Wale waliokuwa wakizunguka juu ya shimo walianza kugeukia upande wangu. Nilirudi nyuma polepole, nimefumba macho, nikingoja kudungwa. Hakuna aliyenidunga.

Baba alimvuta Yuditha kwa mikono miwili. Macho ya dada hayakufunguka kwa siku nne, na usiku wa kwanza alipumua kama mlango uliokwama. Nilikaa karibu na mkeka wake nikihesabu kila pumzi, nikiogopa kulala isije ikakatika. Haikukatika.

Baba alipaona mahali kigae kilipokuwa kimepinduliwa. Alama ya duara ilikuwa bado mchangani. Alinitazama, nikangoja kipigo. Badala yake aliinua macho kwenye kilima chake cha visiki. Kesho yake hakwenda tanurini. Keshokutwa yake alikwenda, tulihitaji kula.

Kwa miaka mingi niliamini nyuki walikuja kuniadhibu kwa kata moja ya maji. Nilipokua ndipo nilipoelewa kwamba viumbe wale hawakuwa na habari nami. Walikuwa wamenyang'anywa miti yao, kisha maua, kisha maji, na kata ile ilikuwa kitu chao cha mwisho. Kosa langu lilikuwa dogo, ila lilikuja mwishoni mwa makosa mengi. Hilo ndilo linalonitisha hata leo ninapoona kilima kikivuliwa miti: hatujui ni kata ipi itakuwa ya mwisho.

Basi fanya hivi. Kiangazi kikianza, chukua chombo kipana, weka ndani yake kokoto na vijiti vinavyochomoza juu ya maji ili nyuki wasizame, kiweke kivulini, mbali na mlango na watoto. Kijaze kila asubuhi, kabla ya kujaza ndoo yako.