Kawa la Darubini

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anarudi kwao Uroa asubuhi ya pili, na mimi nilikuwa nshajigamba mbele ya nyumba nzima kwamba haondoki mpaka aione Zohali na pete yake. Darubini ilikuwa ya klabu yetu ya sayansi skuli. Nilikabidhiwa mimi niitunze, jambo lililowashangaza hata waliokabidhi.

Jana yake nilikuwa nimeaibika. Nilisoma mtandaoni kwamba kioo cha darubini sharti kipoe kwanza. Nadhani walioandika wanaishi kwenye theluji. Nikaipeleka chumbani kwa mjomba, penye kiyoyozi, ikashinda humo mchana kutwa kama bwana harusi. Baada ya Magharibi nikaipandisha juu ya paa letu hapa Ng'ambo. Sijaielekeza hata kokote, kioo kizima kikatoka jasho kama gilasi ya maji ya barafu.

"Nyota zako zinalia," akasema Bibi.

Dada yangu akaja na ncha ya khanga afute. Nikampigia ukelele: kile hakifutwi, kinachubuka! Tukaingojea ikauke mpaka Bibi akasinzia.

Basi siku ile ya mwisho sikutaka mzaha, mimi ambaye hucheka hata kwenye mtihani. Tangu alasiri niliiweka juu, kivulini, izoee joto la hapa hapa. Ukabaki umande, ambao ungeingia kwa mdomo wa bomba la darubini. Nikateremka jikoni kutafuta cha kuukinga.

"Bibi, nnaomba kawa."

"Una chakula gani cha kufunika?"

"Bomba."

"Chukua lile lililotoboka juu. Mmefanana."

Nikalipanua lile tundu, nikalivisha kawa kwenye mdomo wa bomba na kulifunga kwa kamba. Ilipoingia Magharibi, majirani wakauliza kama tunapika pilau juu ya paa. Nikamulika kioo kwa tochi ya simu: kikavu! Nikaitafuta Zohali, nikaipata, ndogo, na pete yake imekaa upande. Nikamwita Bibi.

Akainama, akachungulia.

"Subhanallah," akasema. Halafu akainuka na kunikazia macho. "Nani kaibandika humu?"

Sijamuwahi. Kichwa kishaingia ndani ya kawa, anaitafuta hiyo picha, na pumzi zake zote zikaingia bombani. Nilipochungulia tena, ukungu mtupu.

"Bibi! Umekipumulia!"

"Kumbe si picha?"

"Si picha!"

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtuma dada yangu upepeo wa ukindu, ule wa kupepea moto wa makaa. Akaanza kupepea mdomo wa bomba, polepole, uso kaugeuza pembeni asije akakipumulia tena.

"Kalale kama umechoka," akaniambia. "Mimi siendi Uroa na nusu ya habari."