Kope za Veridiana

Veridiana wa Chiungutwa, au Mama Safari kama wanavyomwita, hajawahi kusinzia kanisani, lakini nani atamwamini? Alipotimiza miaka hamsini ngozi ya kope zake ililegea, ikashuka mpaka ikafunika nusu ya jicho. Kikao cha akina mama kikigawana kazi, utasikia, "Mwacheni Mama Safari, kalala." Akisema yuko macho, ndiyo kwanza wanacheka. Naye hucheka nao, ila moyoni humchoma.

Basi aliposikia daktari wa kupunguza ngozi ya kope amekuja Masasi mjini, alimwendea kimyakimya. Akapewa masharti: asipake wanja, asile kitu asubuhi ya siku yenyewe, aje na mtu wa kumrudisha nyumbani, na kwa wiki mbili asiguse aspirini, maana huzuia damu isigande.

Hapo ndipo aliponasa. Kutwa huinua nyusi ili aone, na jioni kichwa humgonga. Aspirini ndiyo iliyokuwa mkombozi wake. Dawa nyingine alizoruhusiwa zilikuwa kama maji. Na aseme ukweli nyumbani? Thubutu! Bibi mwenye wajukuu anakatwa kope apendeze? Wangemcheka mpaka kijiji cha mbali, Nanganga. Wifi yake Winfrida, anayeishi naye, alipouliza mbona hamezi vidonge, Veridiana akajibu ameweka nadhiri ya kutovimeza. Tangu hapo hakuwa na pa kutokea. Alijifungia chumbani, kitambaa kichwani, akalia kwa hasira.

Wiki ya pili maumivu yakapungua. Akamshukuru Mungu.

Siku ilipofika, akamwomba Winfrida amsindikize "kupimwa macho". Nesi, binti mwenye adabu, akawaamkia, kisha akauliza, "Mama, aspirini hujagusa?"

"Hata kidogo."

Winfrida akakohoa. "Mwanangu, hiyo nilikuwa namsagia kwenye uji wa ndimu. Hata jana kanywa. Nadhiri haivunjwi na asiyejua, na wifi yangu alikuwa anateseka."

Daktari akakataa kumgusa. Keshokutwa alikuwa anaondoka zake, na lini angerudi hakuna aliyejua.

Nje, kwenye benchi, Winfrida alijishika mdomo. "Kumbe ni kope, wifi? Si ungeniambia? Ningekucheka siku moja tu, yakaisha."

Veridiana aliinua nyusi ili amwone vizuri.