Sauti ya Susu Ilipokatwa Kichwa

Ilianza Jumamosi ya mwisho ya likizo ya Agosti, 2005, saa nane na nusu mchana, nyuma ya duka moja hapa Kitengela ambako kwaya ya kanisa letu ilikuwa inarekodi CD. Nilikuwa Form Three. Walinikalisha kwa kompyuta kwa sababu nilikuwa nasoma hilo somo shuleni, na nafikiri pia kwa sababu huwa siongei.

Susu, nyanya yangu, ndiye alikuwa anaongoza wimbo. Susu akipanda juu, dirisha linatetemeka. Kwa hivyo niliteremsha sauti ya maiki kidogo, mstari wa kijani unaopima sauti kwa skrini ukawa unacheza vizuri. Mwenyekiti wa kwaya akaja akasimama nyuma yangu.

"Mbona iko chini hivi? Hii itachezwa Bisil siku ya soko, ishindane na mbuzi!"

"Ikifika nyekundu itaharibika," nikasema. Hata mimi mwenyewe sikusikia sauti yangu.

"Haka kasichana kanaogopa hata rangi!" Wote wakacheka. "Nimerekodi kaseti kabla hujazaliwa. Sindano ya kipimo ikilala kwa nyekundu ndio wimbo unashika."

Kaseti ilikuwa inavumilia, sawa. Kompyuta haivumilii. Sauti ikipita pale juu inakatwa kichwa, na hata ukiipunguza baadaye, kichwa hakirudi. Nilijua. Lakini alipitisha mkono juu ya bega langu, akazungusha kitufe cha maiki mpaka mwisho, na mimi nikaanza kurekodi.

Tuliposikiliza, kila mahali Susu alipopanda palikuwa na mkwaruzo kama mabati yanaburutwa kwa lami.

"Sauti ya Susu imezeeka," Mwenyekiti akasema, mbele ya watu. "Kesho baada ya ibada tutarekodi na mwingine."

Susu akasema tu, "Haya," akafunga leso yake.

Na alikuwa ameimba sawa kabisa! Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Tukienda nyumbani akaniuliza, "Kwani nimeanza kukwaruza lini?" Nilitamani kurudi nikavunje kitu.

Asubuhi yake, kabla ya ibada, nilimpeleka Susu kwa mwenye duka, akatufungulia. Nikamwambia aanze na pale pa juu kabisa, nikapimia sauti hapo, nikaacha nafasi kabla ya nyekundu. Akaimba wimbo wote. Mwenyekiti alipoingia baada ya ibada sikumsalimia. Nikamvisha hedifoni, nikamfungulia rekodi ya jana, halafu ya leo. Akakohoa.

"Hii ya leo iko safi," akasema.

"Usiniambie mimi," nikasema, nikimwonyesha Susu. "Mwambie yeye."